Samaki Mwenye Nyoya Jekundu

Kamina, tarehe 2 Agosti 1954

Kwa Yaya Kalenga,

Nakusalimu wewe, mkubwa wangu, mama yako, na wote wa kivukoni. Sisi hapa tuko wazima, ila mtoto wa pili ana kikohozi cha vumbi la kiangazi. Je, mgongo wa mama umepoa? Kapu la samaki la wiki iliyopita lilifika vizuri, lakini barua yako iliyokuwa chini ya samaki ilinuka sana, hata mke wangu Jeannine akaisomea dirishani.

Yaya, nina habari. Mzungu wa karakana yetu amerudi kwao moja kwa moja, na ameniachia fimbo yake ya kuvulia pamoja na kopo la ndoano ndogo zilizofungwa manyoya ya ndege. Yeye anaziita mouches, yaani inzi. Unarusha uzi, nyoya linaanguka juu ya maji, samaki anadhani ni mdudu, anaruka, kwisha. Nimezihesabu, ziko kumi na mbili. Mbili ni nyekundu, na hizo ndizo nzuri kuliko zote.

Tumepata likizo ya wiki moja, mimi na Wenceslas na Florent. Florent unamkumbuka, yule seremala wa mabehewa aliyeimba kwenye harusi mpaka padri akamwomba apumzike. Wenceslas anakuja kwa kuburutwa. Tangu amwoe dada yako Mwadi mwaka jana hajakanyaga huko, kwa kumwogopa mama mkwe wake. Tunataka utupeleke kwenye kile kijito cha mawe ulichokuwa unanisimulia tukiwa shule ya misheni. Tutafika Jumamosi tarehe 14.

Mdogo wako,
Constant


Kivukoni, tarehe 6 Agosti 1954

Kwa mdogo wangu Constant,

Salamu zako zimefika, wafwako, asante. Sisi tuzima. Mgongo wa mama umepoa, sasa ni goti. Mpe mtoto asali na mafuta ya mawese, kikohozi kitakimbia.

Niliposoma habari za manyoya nilicheka mpaka mama akauliza kama nimekunywa. Tangu mababu zetu tunavua kwa nyavu na mitego, leo watu wa treni wanakuja kutufundisha kuvua kwa kuku. Njooni. Samaki wa kijito kile wana meno, watawanyoa hayo manyoya.

Mwambie shemeji Wenceslas asiogope. Mama mkwe wake, mama Agar, ni mdogo wa mama yangu, namjua: anauma kwa maneno tu. Amletee kitambaa kizuri, akimwona njiani apishe pembeni kama desturi ya ukwe inavyotaka, basi. Na maji yetu yana heshima zake, yapo yanayofanywa na yasiyofanywa. Hayo nitawaambia mkifika.

Yaya yako,
Kalenga


Kivukoni, tarehe 20 Agosti 1954

Kwa Constant,

Leo siwezi kuuliza habari za afya.

Constant, Wenceslas amekufa na wewe hukuniambia. Jumanne nimewaacha kwenye mawe mnacheka, nikaenda stesheni ya Bukama kupakia makapu yangu. Jumatano namwona mama Agar stesheni, amejifunga kamba ya msiba kiunoni, anapanda treni ya Kamina kumwambia Mwadi. Nikamwuliza, akanijibu neno moja tu: "Wenceslas." Nilikaa chini palepale kwenye kokoto za reli.

Nikarudi mbio. Siku mbili tumetafuta kwa mitumbwi, tukielekea chini, kwa kuwa maji hayampandishi mtu. Watu kumi na wanne, hata wagonjwa. Hatukumpata. Nikadhani wewe na Florent mmekimbilia Kamina na habari, lakini mlipitaje bila kuniita? Mimi na wewe tumekula ugali sahani moja tangu utoto. Nikikumbuka Wenceslas alivyoruka juu ya jiwe siku alipokamata samaki wa kwanza, amevua shati analipunga kama bendera, siamini. Mwambie Mwadi kwamba namlilia. Na unijibu, unieleze alizamaje.

Yaya yako,
Kalenga


Kamina, tarehe 23 Agosti 1954

Kwa Yaya Kalenga,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Wenceslas yuko hapa mbele yangu. Anakula viazi. Barua yako ameisoma mwenyewe mara mbili, na mara ya pili alilia, anasema hakujua kwamba unampenda hivyo. Hakuna aliyezama. Hata miguu yetu haikulowa kupita magoti.

Nitakueleza yote, kwa sababu mimi mwenyewe tangu Ijumaa natembea kama niliyepigwa na rungu.

Ulipotuacha Jumanne, mchana tulikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nianze kazi. Samaki walikuwa wengi kuliko matumbo yetu. Mzungu wangu alikuwa akishashiba anawarudisha majini, nasi tukafanya hivyo. Florent akaanza kuwapa majina. Wa kwanza akamwita padri mkuu, wa pili mke wake. Saa kumi Wenceslas akamkamata yule mkubwa, mrefu kama mkono wangu, akapigana naye mpaka uzi ukalia. Ndoano ilikuwa moja ya zile nyekundu, ikashika pembeni mwa mdomo kabisa, haikutoka, na kwa meno yale nani angetia kidole. Tukakata uzi. Florent akamwinua kwa mikono miwili, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Wenceslas, nenda. Maji yakupokee." Akamwachia. Tulicheka mpaka tukaangukiana. Ng'ambo kulikuwa na mama mmoja anaosha mihogo. Tulimpungia mkono, akaacha mihogo yake, akakimbia. Tukasema labda anaogopa watu wa treni.

Jioni ile tukahamia mawe ya juu zaidi, tukabaki huko mpaka Alhamisi. Kisha tukapanda kwa miguu hadi kituo kidogo cha juu, maana mashinisti, mwendesha treni, ni rafiki wa Wenceslas, anatusimamishia treni. Ndiyo maana hatukupita Bukama. Ijumaa asubuhi tunaingia kambini kwetu, kwa wafanyakazi wa reli, Florent anaimba, Wenceslas mbele na mtungo wa samaki begani. Watu wakatukimbia, Yaya. Wanawake wakabeba watoto wao wakafunga milango. Mlangoni kwa Wenceslas jiko limezimwa, majivu yamemwagwa kizingitini, na ndani kuna kilio. Akauliza, "Nani njo alikufwa?"

Mzee wa nyumba ya jirani akamjibu kutoka dirishani, "Weye."

Mwadi alitoka. Kichwa kimenyolewa chote. Alimwangalia, akanyoosha mkono, akamgusa shavu. Akageuka, akasema, "Mama, iko na joto. Gusa mukono yake, iko na joto." Lakini mama Agar alikuwa amegeukia ukuta, kwa kuwa hawezi kumwangalia mkwe wake, na akauambia ukuta, "Minyi sione muntu pale. Muto ilisha kupewa. Mwadi, beba bintu yako, tuende."

Na wakaenda. Mwadi alifungasha analia, mama yake kasimama mlangoni, na jioni walipanda treni. Wenceslas alikaa juu ya kitanda, samaki bado begani. Yaya, tumefanya nini?

Mdogo wako,
Constant


Kivukoni, tarehe 28 Agosti 1954

Kwa Constant,

Nashukuru Mungu kwa uzima wa shemeji yangu. Nilipofika pale penye viazi niliiweka barua chini, nikatoka nje, nikatembea mpaka majini na kurudi. Sasa nimekaa, nami nimekasirika.

Nilisema nitawaambia heshima za maji, kisha nikawaza makapu yangu. Kosa la kwanza ni langu. La pili ni la mdomo wa Florent.

Sikiliza. Katika ukoo wa mama Agar, mtu akizama na mwili usionekane, ndugu zake wanamkamata samaki mzima, wanamwinua kwa mikono miwili, wanamwita kwa jina la marehemu, wanamwachia. Hiyo ndiyo kumkabidhi kwa mto. Salomé, yule mwosha mihogo, aliona kwa mbali watu watatu, na asubuhi tulipita wanne, wakifanya jambo hilo hatua kwa hatua, jina kwa sauti, hata "maji yakupokee". Mnacheka, ndiyo. Alidhani mmerukwa na akili kwa uchungu. Angefikiri nini kingine? Hapa hakuna mtu aliyewahi kumrudisha samaki majini kwa mchezo. Samaki anayetoka majini analiwa.

Nimesema na mama Agar kwa saa nzima. Nimemwambia mkwe wake ni mzima, anakula, anafanya kazi. Akanijibu, "Najua iko muzima. Lakini haiko yetu tena." Kwake yeye Wenceslas ni mali ya mto, na mke wa mtu wa mto ni mjane. Njia ni moja. Samaki yuleyule arudi mkononi, Wenceslas na Mwadi wamle pamoja, mifupa irudishwe majini. Padri alikuja akasema huo ni upagani. Wazee wakamsikiliza kwa adabu. Padri hana mama mkwe.

Mto ukijaa na kufunika mawe ya kijito, shauri limefungwa, na mjane anaweza kupewa mume mwingine. Unajua mvua zetu. Tuna miezi miwili na kitu.

Jambo jema ni moja: samaki huyo ana nyoya jekundu mdomoni. Kila alfajiri nitakuwa pale.

Yaya yako,
Kalenga


Kamina, tarehe 30 Septemba 1954

Kwa Yaya Kalenga,

Salamu. Afya ipo, raha hakuna. Tumekuja Jumapili tatu mfululizo na umetuona mwenyewe, watu wazima watatu wanatupa manyoya kutoka asubuhi hadi jua kuzama. Samaki arobaini, na hakuna mwenye jekundu. Zamani tungepiga kelele kwa kila mmoja. Sasa tunamtazama mdomo tu, tunamtia kapuni.

Florent hajaimba tangu Agosti. Kanisani anafungua mdomo, sauti haitoki. Wenceslas anachochea moto wa mashine kama anayetaka kuilipua, na nyumbani halali kitandani, analala kwenye mkeka. Jana nimemkuta anaongea na fimbo ya kuvulia. Sikucheka, Yaya. Nilitoka taratibu.

Hebu mwambie Mwadi kwamba jiko bado limezimwa. Wenceslas amekataa liwashwe na mtu mwingine.

Mdogo wako,
Constant


Kivukoni, tarehe 12 Oktoba 1954

Kwa Constant,

Sina habari njema, kwa hiyo nitaandika kifupi. Mvua ya kwanza imenyesha Ijumaa. Na jana Ngoie, yule mwenye mitumbwi mitano, amefunga mbuzi mlangoni kwa mama Agar. Mbuzi wa kuulizia mke. Mama Agar hajamkubali wala hajamfukuza, mbuzi anakula majani hapo. Mwadi hajala kitu tangu amwone.

Usimwambie Wenceslas. Au mwambie. Sijui.

Yaya yako,
Kalenga


Kivukoni, tarehe 8 Novemba 1954

Kwa mdogo wangu Constant,

Barua hii wanaileta wenyewe, mume na mke. Natumaini hukuzimia ulipowaona wanashuka stesheni.

Nimempata. Alhamisi alfajiri, penye jiwe la chini, maji yakiwa yamebaki vidole viwili kulifunika. Ana nyoya jekundu pembeni mwa mdomo, vilevile ulivyoniandikia. Nilituma neno kwa mashinisti, na Jumamosi Wenceslas alikuwa hapa. Pole kwamba ulikuwa kwenye zamu.

Nilimpeleka samaki kwa mama Agar mbele ya wote. Alimchukua kwa mikono miwili. Alimtazama, Constant, muda mrefu sana, akamfungua mdomo, akaligusa nyoya. Jasho lilinitoka mgongoni kama mchochea moto. Kisha akasema, "Pikeni."

Walimla wawili, Wenceslas upande wa kichwa, Mwadi upande wa mkia, mbele ya watu wote. Mifupa Mwadi mwenyewe aliibeba akairudisha majini. Alipopanda kutoka kule, Wenceslas alimshika mkono mbele ya watu, hata mbele ya mama mkwe, na wazee wakajifanya wanatazama mawingu. Mbuzi amerudi kwao.

Mwambie Florent aimbe. Lakini asimtaje mtu.

Yaya yako,
Kalenga


Kamina, tarehe 22 Novemba 1954

Kwa Yaya Kalenga,

Salamu kwako na kwa mama, goti lipone. Stesheni ilikuwa sikukuu. Florent aliimba mpaka mkuu wa stesheni akatoka ofisini. Mwadi aliwasha jiko kwa mkono wake, na moshi ulipotoka sote tulipiga makofi, kama watu wasiowahi kuona moshi.

Sasa jambo lingine, nalo nakuandikia mlango umefungwa.

Jana nilifungua kopo la mzungu nipange ndoano kwa ajili ya Krismasi. Zilikuwa kumi na mbili. Moja ilikwenda na samaki, kwa hiyo zibaki kumi na moja. Nimezimwaga mezani. Kumi. Nikahesabu tena kwa kuziweka mstari. Jekundu la pili halipo.

Kule kwenye mawe hatukulitumia kamwe, tuliogopa kulipoteza. Jeannine ndiye aliyenikumbusha: siku ile ya msiba kopo lilikuwa ndani ya mfuko wa Wenceslas, nyumbani kwake. Mimi nililichukua jioni, Mwadi alipokwisha kufungasha na kuondoka.

Sijamwuliza mtu. Wenceslas hajui kitu, analala usingizi wa mtoto. Niambie wewe: samaki gani wamekula?

Mdogo wako,
Constant


Kamina, tarehe 17 Aprili 1955

Kwa Yaya Kalenga,

Barua tatu hujajibu. Makapu yanafika, nafukua chini ya samaki, hakuna karatasi. Kama umenikasirikia, sema.

Mwadi ana mimba, imeingia mwezi wa sita. Wenceslas anatengeneza kitanda cha mtoto, Florent anakirekebisha kwa siri usiku unaofuata. Nami kila nikimwona Mwadi anapita na tumbo lake, moyo unanishuka. Mimi ni mkristo, natumikia misa. Lakini kama samaki alikuwa wa uongo, basi kwa hesabu ya mama Agar mtoto huyu baba yake ni mali ya mto. Akijua itakuwaje? Atakuja tena na kamba kiunoni? Sali nami, hata kama huandiki.

Mdogo wako,
Constant


Kivukoni, tarehe 26 Juni 1955

Kwa mdogo wangu Constant,

Salamu nyingi, nyingi kuliko zile zote nilizokunyima. Tuko wazima. Mama anatembea. Sikukukasirikia. Nilinyamaza kwa sababu kuandika uongo ni kazi, na kuandika ukweli kulinitisha zaidi.

Umeshajua, lakini nikiri. Siku ya pili baada ya mbuzi wa Ngoie, Mwadi alinijia kwenye banda langu la kukaushia samaki. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, na ndani ya pindo kulikuwa na nyoya jekundu. Alilichukua siku ileile ya kilio, mama yake kasimama mlangoni. Akaniambia, "Yaya, minyi siko mujane. Tafuta samaki." Nikamtafuta. Wiki tatu nilichelewa kwa woga, kisha nikamkamata wa kimo kile, nikamtia ndoano kwa vidole vyangu. Tazama kovu la kidole nikija.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Nilikuwa namkwepa mama Agar kama vile mimi ndiye mkwe wake.

Sasa sikia ya juzi, maana bado nimeduwaa.

Ijumaa asubuhi mama Agar aliniita. Nikaenda. Ameketi mbele ya nyumba, na miguuni mwake mtego wake wa fito, na ndani ya mtego samaki. Mrefu kama mkono wako. Pembeni mwa mdomo ndoano yenye kutu, na juu yake nyuzi mbili tatu nyekundu, zimefifia, na kipande cha uzi wa mzungu.

Nilidhani mambo yote yamefumuka, mimi na Mwadi na mtoto wa tumboni. Nikapiga magoti nianze kuomba radhi. Akaniambia ninyamaze.

"Kalenga, unazani minyi niko kipofu? Ile samaki ya kwanza, tundu ya ndoano ilikuwa mupya. Damu ilikuwa inatoka bado. Minyi nilizaliwa ku maji."

Nikamwuliza, basi mbona ulisema wapike?

"Mutoto yangu alikuwa analia kila siku. Na ule Ngoie iko na meno mubaya."

Akakung'uta maji kwenye mtego. Kisha akasema kwamba tangu siku ile ya Novemba, kila alfajiri, mvua au jua, alikuwa anautega mtego wake kwenye mdomo wa kijito. Mto ulipofunika mawe alitega kandokando, maji kifuani, mwanamke wa umri ule. Miezi saba, bila kumwambia mtu. Na mimi nilikuwa nikimwona anarudi amelowa, nikadhani anakwenda kuoga.

"Weye na Mwadi mulifunga mudomo ya bantu," akasema. "Muto haiko bantu. Muto inangoja yake."

Nililia mbele yake bila aibu.

Samaki huyo alimkausha mwenyewe, jana kutwa alikaa na moshi. Yumo ndani ya kapu hili, amefungwa peke yake kwa majani ya mgomba, juu kabisa. Mpelekee Mwadi leo hii. Mwambie ni zawadi ya mama yake kwa ajili ya tumbo, ale na mumewe tu, wasimpe mgeni. Usiwaambie zaidi ya hapo. Mama Agar amesema hivyo mara tatu, na mara ya tatu alinishika sikio.

Atakuja mwenyewe mwezi wa nane kumpokea mjukuu. Wenceslas ajiandae kupisha njia.

Nyoya la samaki huyo liko ndani ya bahasha, lirudishe kwenye kopo. Na mifupa mwangalie paka asiiguse. Ifunge kwenye gazeti, yote, hata miiba midogo, unitumie kwa treni ya Jumamosi. Mama Agar atakuwa anangoja stesheni.

Yaya yako,
Kalenga